Mkono wa Kulia wa Mzee Makame

Ilianza Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, Mzee Makame Faki alipoingia ofisini kwetu, mtaa wa Usagara, amevaa koti la mtumba, vifungo vyote vitatu vimefungwa, na nje jua linawaka kama limetumwa. Nyuma yake alikuwa mkewe, Bi Mize, amejitwika kapu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu pale ilikuwa kupiga taipu na kunyamaza. Kunyamaza nilikuweza zaidi.

Mmeniomba, nyie mnaokaa sasa kwenye meza niliyoiacha, niwaandikie namna ya kumsaidia mtu aliyeumia kazini ili dai lake la ulemavu lisikataliwe. Nimejaribu kuwaandikia kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, nikaona nasema uongo. Sikujifunza kwa mpangilio. Nilijifunza kwa watu, na aliyenifunza zaidi ni huyu mzee wa koti. Kwa hiyo nitawasimulia yeye, na mengine yatapita humo humo yakitaka.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la baiskeli. Mwenyewe alikuwa Mzee Semkiwa, Mlutheri, aliyewahi kuwa karani wa shamba la mkonge hadi mapafu yakamkatalia vumbi. Alikuwa akiwaandikia madai watu walioumia: wa mkonge, wa bandarini, wa viwandani. Utepe wa taipu ukikauka tuliupaka tone la mafuta ya cherehani, tukaurudisha, herufi zikatoka kama zimelowa mvua. Karatasi tuliandika pande zote mbili. Ile ilikuwa miaka ambayo kwanza maduka yalikuwa matupu, kisha ghafla yakajaa, na tulipoanza kufurahi kwamba yamejaa, mashamba na viwanda vikaanza kufungwa. Sabuni ilirudi, kazi ikaondoka. Mitumba ikaingia kwa marobota, na watu ambao kwa miaka walivaa viraka wakaanza kuja ofisini na makoti ya nchi za baridi.

Basi Mzee Makame akaketi. Mzee Semkiwa akamkaribisha.

"Hujambo, bwana Makame?"

"Sijambo, alhamdulillah."

"Habari za nyumbani?"

"Njema kabisa. Sote wazima."

"Mwanaidi," akaniita, "mpe bwana chai na kipande cha muhogo."

"Ahsante, yakhe. Nimefunga."

Mzee Semkiwa akamtazama. "Jumatano?"

"Nina deni la Ramadhani."

"Hilo lina mdai mpole," akasema Mzee Semkiwa. "Tuzungumze la mwenye shamba."

Nilijua kama ajuavyo kila mtoto wa madrasa kwamba wanaofunga sunna hufunga Jumatatu na Alhamisi, na mwenye deni hulipa siku anayoweza. Sikufikiri zaidi. Nilikuwa nimeinama kwenye taipu. Enzi hizo sikuweza kumtazama mtu usoni, sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nikimtazama mtu mikono. Nilimjua kila mteja kwa mikono yake kabla sijamjua sura. Wa Mzee Makame wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti, na haukutoka.

Akatueleza. Alitoka Pemba karafuu ilipokuwa haimlipi mkulima, akaja bara, akapata kazi kwenye shamba moja njia ya Maramba, kwenye korona, ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Kinga ya mkanda ilikwishavunjika na vipuri havikuwepo. Mkono wa shati ukavutwa, na mkono wa mtu ukafuata. Hospitali waliushona. Ukapona, yaani ngozi ilifunga, na vidole vilikuwepo vyote vitano. Daktari wa kukadiria ulemavu akaandika kwamba amepata nafuu, anaweza kazi nyepesi. Shamba likampeleka kuanika nyuzi kwenye nyaya, na yeye nyuzi hazishikiki. Wakamwambia mvivu. Sasa shamba lilikuwa linauzwa kwa mwenye mali mwingine, na meneja ametangaza kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi: asiye na kazi aondoke nyumbani, na dai lisiloandikwa upya kabla ya makabidhiano, mwenye mali mpya hatalijua.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo tu. Kama daktari atabadili neno, mzee anapata fidia ya mkono na njia ya kurudi kwao na kitu. Kama hatabadili, wanatoka kambini yeye na Bi Mize na kapu lile.

Mzee Semkiwa akaisoma ile karatasi ya daktari polepole. Alipofika katikati akavua miwani.

"Hapa pameandikwa: mgonjwa mwenyewe anasema hajambo. Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kwa nini, bwana Makame?"

"Aliniuliza hali."

"Ungemjibu hali."

Mzee Makame akaonekana kuumia kidogo, kama mtu aliyeambiwa hakufunzwa adabu. "Mtu akuamkie, tena mtu mzima mwenye elimu yake, wewe ummwagie maradhi yako mlangoni? Mie nimelelewa, yakhe."

Bi Mize alikuwa akiangalia kapu lake.

Hili, wanangu, ndilo linaloua madai mengi kuliko chuki ya wenye mashamba. Sisi watu wa huku tumefunzwa kwamba mtu akikuuliza, jibu ni njema, hata kama nyumbani pana maiti. Utasikia: habari za asubuhi? Njema, ila baba amefariki. Wakristo wetu wa kambini nao ni wale wale: namshukuru Mungu, naendelea vizuri, na mguu hauna kidole hata kimoja. Daktari anaamkia, kalamu iko mkononi, na mgonjwa anajiandikia hukumu yake kwa adabu. Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla ya fomu, mwambie mteja: pale mlangoni ni salamu, lakini ukishaketi kwenye kiti si salamu tena. Akiuliza hali, mwambie nini huwezi. Usimwambie "unauma," maana kila mkono unauma siku moja. Mwambie siwezi kufunga kifungo, siwezi kubeba ndoo, nikisimama dakika chache lazima nishike ukuta. Aseme siku yake ya kawaida ilivyo. Siku nzuri ataisimulia vizuri mno, na siku mbaya hataaminiwa.

Na asizidishe. Alikuja kijana mmoja wa kiwandani, goti lake kweli lilikuwa bovu, lakini marafiki walimshauri achechemee sana. Akaingia kwa daktari anachechemea mguu wa kushoto. Akatoka anachechemea wa kulia. Daktari akamwita arudi. Mzee Semkiwa alipopata habari alimwambia, "Mungu alikupa goti moja bovu, wewe ukaona halitoshi." Tulicheka, lakini yule kijana hakupata kitu, na goti bado lilikuwa bovu. Nimemwona mara nyingi baadaye, pale sokoni, anauza ndimu, amekaa.

Majina pia. Kwenye mkonge watu wengi waliingia kazini kwa kipande cha mwingine, ile kadi ya kazi. Alikuwepo bwana mmoja aliyefanya kazi miaka kwa kipande cha kaka yake aliyekwisha kufa. Mashine ilipomkata vidole, karatasi zote ziliandika kwamba aliyeumia ni marehemu. Tukawa tunamdai mwenye shamba fidia ya mtu aliyezikwa Korogwe. Ilibidi wazee wawili waje waape kwamba huyu ni huyu na yule ni yule. Tangu hapo, kabla sijauliza mtu ameumia wapi, nauliza anaitwa nani kazini, anaitwa nani msikitini au kanisani, na mama yake humwitaje. Yakitofautiana, tunaanza hapo hapo, tusingoje mwenye shamba aone kwanza.

Turudi kwa Mzee Makame.

Mzee Semkiwa alikuwa na desturi moja ambayo naona mmeiacha kwa sababu ya simu. Hakuwahi kuandika dai la mtu ambaye hatujafika kwake. "Mtu akija ofisini huvaa," alikuwa akisema. "Nyumbani kwake hajavaa." Miguu yake yeye ilikuwa imevimba, kwa hiyo akanituma mimi. Nilimwambia siwezi. Akaniuliza siwezi nini. Nikasema siwezi kuingia nyumba ya watu nikaanza kuhoji. Akasema, "Nimekwambia uhoji? Kaa jikoni. Menya vitunguu."

Nikaenda Jumamosi, na lori lililokuwa likirudi shambani kuchukua nyuzi. Kambi ilikuwa imeanza kuwa tupu. Nyumba nyingi zilikwishatolewa milango. Bi Mize alinipokea kama mtoto aliyetoka safari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu kaa hapa kwenye mbuzi, unikunie nazi, mikono yangu imechoka."

Mzee Makame alikuwa barazani, koti hana, amejifunika shuka begani hata mkono usionekane, na joto lile. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama yangu. Jirani akapita na sahani ya mihogo, akamkaribisha. "Nimefunga," akasema. Jirani akaniambia mimi, kwa sauti ya heshima, "Huyu kambini tunamwita sheikh. Hana siku asiyofunga."

Adhuhuri ikapita. Mzee akasema anakwenda kujinyoosha kidogo, akaingia ndani, pazia likashuka. Bi Mize akapakua wali na mchuzi wa papa, akafunika kwa kawa, akasema, "Ngoja mwanangu, mie na wewe tutakula sasa hivi. Sijatia kitu kinywani tangu alfajiri." Akaingia na ile sahani.

Alikaa muda. Nilisikia maji yanamiminwa, na sauti yake ndogo, kama mtu anayembembeleza mtoto, na sauti ya mzee ikisema, "Basi, yatosha."

Alipotoka sahani ilikuwa tupu. Mimi, kama kawaida yangu, sikumtazama uso. Nilitazama mikono. Kwenye vidole vyake vya kulia palikuwa na wali, umeganda mpaka kwenye kiungo cha pili, kama vidole vya mama anayelisha.

Naye akaona kwamba nimeona.

Akakaa chini, akanawa. Kisha akasema, "Mwaka huu wa pili."

"Wa kushoto hautaki. Nimemwambia Mungu anajua, mwenye udhuru ana ruhusa yake. Asema mkono wa kushoto una kazi yake, hawezi kuupeleka kinywani. Na mbele za watu mie kumlisha hataki. Ndiyo akaanza kufunga." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Walipoanza kumwita sheikh nilitaka kufa. Siku ya Idd, mwanangu, siku ya Idd hakuna anayefunga duniani. Alisema ana homa."

"Na koti, mama?"

"Nani unadhani hufunga vile vifungo?" Kisha akanishika goti. "Usiseme. Atavunjika. Mashine ilimvunja mkono, hili litamvunja mwenyewe."

Tukala. Sijui nilikula nini. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakulazimika, maana lori lilikuwa mbele ya macho yetu. Alitembea nami, akasimama, akasema bila kunitazama, "Nimekukataza kusema. Kuuliza sikukukataza."

Usiku sikulala vizuri. Jumatatu nikamwambia Mzee Semkiwa, "Nimeona kitu, lakini si changu kukisema."

Nilitegemea atanibana. Akaendelea kuchonga penseli.

"Kitamsaidia?"

"Kitamsaidia kuliko kila kitu."

"Basi na mimi usiniambie. Mimi nikikijua nitakuwa nimesikia. Wewe umeona. Shahidi ni aliyeona." Akapuliza vumbi la penseli. "Utampeleka wewe kwa daktari, Alhamisi."

"Mzee, mimi siwezi kusema mbele ya watu."

"Nani kakwambia useme? Andaa swali moja. Moja tu, fupi. Uliulize, kisha ufunge mdomo. Wengi huuliza swali zuri halafu wakaogopa ule ukimya, wakamjibia mtu. Ule ukimya ndio unaofanya kazi. Wewe unyamavu unao wa kugawa."

Siku tatu zile nilikuwa nikitembea na swali langu kama mtu aliyebeba yai. Nililisema nikichota maji, nililisema nikipiga pasi. Mama aliniuliza kama nina homa.

Alhamisi tulikuwa hospitali mapema. Mzee Semkiwa alikuja hadi getini tu. Alipoona lile koti akafunga macho.

"Bwana Makame, tulisema uvae unavyovaa nyumbani."

"Nikaingie kwa daktari kama muuza mkaa?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani."

Mzee Semkiwa akanigeukia, akapandisha mabega. Na hapa nawaambia, msipigane na koti la mtu. Kuna watu heshima yao yote imebaki kwenye koti. Ukiwavua kwa nguvu hawatakuambia kitu tena maisha yao.

Tukaingia watatu. Daktari alikuwa yule yule wa mara ya kwanza, mtu mpole, amechoka, foleni imejaa hadi kwenye ngazi. Hakuwa mbaya. Nalisema hili kwa sababu vijana hupenda awepo mtu mbaya.

"Karibu mzee. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillah."

Tulimwambia, tulikariri naye, na bado.

"Leo umefunga?" Daktari alikuwa amekumbuka kwamba ni Alhamisi.

"Nimefunga."

"Mwenyezi Mungu akupokelee. Haya, vua koti tuone."

Bi Mize akainuka, mikono imekwishafika kwenye kifungo cha kwanza kabla hajafikiri. Daktari akamwambia, "Mama, kaa. Atavua mwenyewe." Bi Mize akarudi akakaa. Mzee Makame akatoa mkono wa kushoto, akaanza. Kifungo cha kwanza kilichukua muda. Cha pili. Jasho likamtoka mpaka kwenye ndevu. Cha tatu akakivuta kikang'oka, kikaanguka sakafuni, kikabiringika chini ya kabati. Akakaa wima, kama aliyeshinda.

"Naona unaweza," akasema daktari. Akaukunja mkono wa kulia, akaukunjua, akavuta kidole kimoja kimoja. "Vidole vyote vipo. Kidonda kimefunga vizuri." Akarudi mezani, akashika kalamu.

Nilijua ile kalamu ikigusa karatasi tumekwisha. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikafungua tena.

"Daktari, samahani. Muulize anakula kwa mkono upi."

Sidhani hata chumba cha pili wangenisikia. Lakini Mzee Makame alinisikia. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamtazama mtu usoni, kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Sitaielezea ile sura.

Daktari akauliza, "Unakula kwa mkono upi, mzee?"

"Nafunga."

"Ukifungua, usiku?"

Hakujibu. Nje muuguzi alikuwa akiita majina. Kila mfupa wangu ulitaka niseme kitu, nimsaidie, niseme wali, niseme vidole vya Bi Mize, niseme Idd. Nikafunga mdomo. Bi Mize naye alinyamaza, ameshika kapu kwa mikono miwili. Tulikaa hivyo, na nawaapia ule ukimya ulikuwa na uzito, ungeweza kuubeba kichwani.

Mzee Makame akainua kidevu, akamwelekeza mkewe.

"Mkono wangu wa kulia ni ule pale," akasema. "Umekaa kwenye kiti."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaondoka mezani, akaleta kiti, akakaa karibu naye, magoti kwa magoti, akaanza kuuliza taratibu. Kunawa? Bi Mize. Kuvaa? Bi Mize. Kujipangusa? Hapo kushoto, ndio kazi yake. Kuandika? Hakuwahi kujua. Kushika kisu, jembe, kamba? Akampa kikombe cha bati ashike kwa mkono wa kulia. Kikaanguka. Akakiokota, akampa tena, kikaanguka tena, na mara hii Mzee Makame hakugeuza uso.

"Kwa nini hukuniambia mara ile?"

"Hukuniuliza hili, mwanangu. Uliniamkia."

Daktari akaandika, muda mrefu. Kisha nikakumbuka funzo jingine la Mzee Semkiwa, nikasema kwa ile ile sauti ndogo, "Tafadhali utusomee ulichoandika." Ombeni hivyo kila mara. Si kwa kumshuku mtu. Lililosomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe halipotei njiani. Akasoma: mkono wa kulia upo lakini hautumiki kwa kazi wala kwa kujihudumia, na uhesabiwe kama mkono uliopotea.

Tulitoka. Mzee Makame alitangulia, koti begani, hatua ndefu. Hakuniaga. Bi Mize alinifinya mkono kwa nguvu, akamfuata. Mimi nikarudi ofisini peke yangu.

"Mmepata?" akauliza Mzee Semkiwa.

"Tumepata."

"Mbona una uso wa matanga?"

"Nimemvua nguo mbele za watu, mzee."

Akanisogezea kiti. "Wewe umeuliza. Yeye ndiye aliyejivua, tena mbele ya daktari, mahali pa kuvulia." Kisha akasema, bila mzaha wowote, "Lakini iendelee kukuuma. Siku isipokuuma, acha hii kazi."

Sikuiacha mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mnajua kama iliacha kuniuma.

Fidia ilikuja kabla shamba halijakabidhiwa, kwa kusuasua, baada ya Mzee Semkiwa kwenda kukaa kwenye benchi la nje la meneja na gazeti la wiki iliyopita, kila asubuhi, akisoma ukurasa ule ule. Mzee Makame na Bi Mize walirudi kwao Wete, Pemba. Hayo yalikuja baadaye. Lakini mimi nikikumbuka ushindi ule sikumbuki fidia, wala chumba cha daktari. Nakumbuka kesho yake.

Ile karatasi ya daktari ilihitaji dole la mwenyewe, na muda ulikuwa mfupi. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikapanda lori nikaenda kambini, nimebeba bahasha na kibao cha wino, na moyo wangu unasema atanifukuza. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, mahali ambapo kila apitaye anamwona. Hakuwa na koti wala shuka. Mkono ulikuwa umelala mapajani, wazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akatazama bahasha. Nikamshika dole la kushoto, nikalipaka wino, nikaligandamiza penye mstari. Bi Mize akatoka na sinia la muhogo wa nazi na dagaa, akaliweka katikati yetu, akasimama, hajui afanye nini. Jirani wa siku ile alikuwa mlangoni kwake, anafagia.

"Kaa, ule," Mzee Makame akaniambia. "Leo sikufunga."

Kisha akamgeukia mkewe, akafungua kinywa.

Bi Mize akakaa. Akanawa. Akamega kipande, akakipoza kwa pumzi, akamtia kinywani. Kule mlangoni fagio likasimama kidogo, kisha likaendelea.

Nami nikanawa mkono wangu wa kulia, nikainamisha macho kwenye sinia kama nilivyozoea, nikala polepole, nisije nikamaliza kabla yake.